Mtoto wa miaka 7, mafua toka Mei hadi Septemba: ni baridi ya Mbeya au ni aleji?

mama_uyole

Habarini wadau wa afya. Tupo Uyole. Binti wa miaka 7, darasa la pili. Baridi ikianza kukaza mwishoni mwa mwezi wa tano, anaanza chafya asubuhi akiwa bado kitandani, tano sita mfululizo, halafu makamasi mepesi kama maji. Homa hana, anakula, anacheza. Mchana ana nafuu, usiku pua inaziba na analala mdomo wazi. Macho yanawasha. Pua anaisugua kwa kiganja kwenda juu mpaka imejichora kamstari kwa juu. Mwaka huu kimeongezeka kikohozi kikavu cha usiku. Amoksilini amepewa zaidi ya mara moja, hakuna kilichobadilika.

Nyumba ni ya tofali za kuchoma. Analala na mdogo wake kwenye godoro la sponji, mablanketi mawili mazito ambayo msimu wa joto yanakaa sandukuni. Kuku wanalala jikoni. Bibi yake anasema ni baridi tu, akikua yataisha.

Naomba kujua: nitatofautishaje mafua na aleji? Dawa gani haitamlaza darasani? Na ndani ya nyumba nianzie wapi, maana hela ya kubadilisha kila kitu haipo?

mfamasia_mwanjelwa

Pole na kuuguza, mama. Ulivyoeleza, inaegemea kwenye aleji ya pua kuliko mafua. Mafua ya virusi huanza na koo kukereketa, mwili kuchoka, pengine homa kidogo. Siku ya tatu au ya nne makamasi yanakuwa mazito, na ndani ya siku 7 hadi 10 yamekwisha. Aleji haina homa na inawasha: pua, macho, kaakaa, hata ndani ya masikio. Chafya zinakuja kwa mkupuo, makamasi ni maji, na hali inakwenda wiki baada ya wiki mradi kichochezi kipo. Huo mstari juu ya pua daktari huutafuta kwa macho kabla hajauliza swali.

Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili imekichukulia kitu cha kawaida kuwa adui, na imekitengenezea kingamwili za aina ya IgE. Hizo hukaa juu ya seli zilizo kwenye utando wa pua. Kitu kile kikiingia tena, seli zinamwaga histamini ndani ya dakika chache, na histamini ndiyo inayowasha, inayovimbisha na kutoa maji. Amoksilini inaua bakteria. Hapa hakuna bakteria wa kuuawa, ndiyo maana umeona haina kazi.

Ila kuna mambo ya kuondoa kwanza. Uchafu ukitoka tundu moja tu na unanuka, mara nyingi kuna punje ya mahindi au haragwe imekwama humo. Usijaribu kuitoa kwa kijiti, mpeleke hospitali. Akikoroma na kulala mdomo wazi mwaka mzima, hata msimu wa joto, aangaliwe nyama za pua. Na kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu, hasa kama kuna homa za jioni, kupungua uzito, au mtu wa nyumbani mwenye kifua kikuu. Aleji haizuii magonjwa mengine kuwepo.

Dawa sasa. Piritoni inafanya kazi na ni rahisi kupatikana, lakini inalaza, na nguvu yake inaisha baada ya saa 4 hadi 6. Mtoto akiinywa asubuhi, mwalimu atasema ni mzito wa kuelewa kumbe ni dawa. Afadhali setrizini au loratadini. Setrizini ya maji kwa umri wa miaka 6 hadi 12 ni miligramu 5 asubuhi na miligramu 5 jioni. Wa miaka 2 hadi 5 ni nusu ya hapo. Wachache husinzia hata kwa setrizini, kwa hiyo dozi ya kwanza mpe jioni uone. Mtu mwenye shida ya figo aseme kabla ya kuuziwa.

Pua ikiwa inaziba kila usiku, vidonge na dawa ya maji havitoshi. Hapo kinachosaidia zaidi ni dawa ya kupuliza puani yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), beklometasoni au flutikasoni, iandikwe na daktari. Wengi wanaitupa siku ya tatu wakisema haifai. Nguvu yake inajengeka kwa siku kadhaa, wakati mwingine mpaka wiki mbili, na inatumika kila siku, si siku ya chafya tu. Namna ya kupuliza: ainamishe kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia upulizie tundu la kushoto na wa kushoto upulizie la kulia, ncha ielekee upande wa sikio. Ukiielekezea ukuta wa katikati ya pua, damu itatoka na utaichukia dawa bure. Asivute kwa nguvu, itaishia kooni.

Viwili vya kukataa dukani. Matone ya kuzibua pua papo hapo (oksimetazolini, zailometazolini) yasizidi siku 5. Yakizidi, pua inaziba upya kila yanapoisha nguvu na mtu anakuwa mtumwa wa kichupa. Cha pili ni deksa, yaani deksamethasoni, steroidi ya kumeza au ya sindano. Ndiyo, inakausha aleji kwa kasi ya ajabu, na ndiyo sababu inauzwa kienyeji hivyo. Ikitumika muda mrefu inapandisha sukari na presha, inalegeza mifupa, inadumaza ukuaji wa mtoto, na ukiiacha ghafla mwili unaweza kuporomoka.

bwana_afya_njombe

Mfamasia kamaliza ya kwake, nijibu la nyumba. Mama, wewe umeshajijibu bila kujua: chafya zinaanza *kitandani*, na zinaanza siku mablanketi yanapotoka sandukuni. Baridi yenyewe si aleji. Inachofanya ni kutufungia ndani, madirisha yamebanwa, nguo nzito, moshi, na vile viumbe vinavyoishi kitandani.

Nazungumzia utitiri wa vumbi. Si kunguni, si utitiri wa kuku. Hawa hawaumi na huwaoni kwa macho, wana urefu wa robo ya milimita hivi. Wanakula mabaki ya ngozi yetu yanayopukutika, na maji hawanywi, wanayafyonza kutoka kwenye hewa. Kwa hiyo wanataka joto la mwili na unyevu, na godoro lenye watoto wawili lina vyote. Watu husema huku juu hawapo kwa sababu ya mwinuko. Mwinuko peke yake haukuokoi, kinachoamua ni unyevu. Nyumba ya Tukuyu au Mufindi yenye ukungu wiki nzima si sawa na nyumba ya Usangu. Wala usitegemee baridi ya nje iwaue. Kuwaua kwa baridi kunahitaji nyuzi kama 18 chini ya sifuri kwa siku nzima, yaani friza. Jalidi ya Makete haifiki huko.

Kinachosumbua pua hasa ni kinyesi chao, na hapo ndipo watu wanapokosea. Wanaanika godoro juani, utitiri unakufa, wanalirudisha ndani, mtoto anapiga chafya vilevile. Kinyesi kimebaki humohumo. Lazima kitoke kwa kufua au kifungiwe mtoto asikivute.

Anza na blanketi, leo hii. Shuka, foronya na blanketi la nailoni au pamba vifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, kila wiki moja au mbili msimu huu. Kipimajoto hakuna? Kwa mwinuko wa Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndoo mbili za maji yanayotokota kwa ndoo moja ya maji ya bomba zinakupa kati ya nyuzi 65 na 70 kwenye beseni, na blanketi likizama linashuka karibu na 60. Ukichanganya nusu kwa nusu utapata kama 55 kabla blanketi halijaingia, hapo umepoteza kuni. Zamisha, funika, acha robo saa, geuza kwa mti, halafu fua kama kawaida na suuza mara mbili. Watoto wawe mbali na beseni hilo, maji hayo yanababua.

Blanketi la sufu litasinyaa ukilifanyia hivyo. Hilo lifue kwa maji ya baridi na kulisuuza sana; utitiri wengi watabaki hai lakini kinyesi kingi kitaondoka na maji. Kisha lianikwe jua kali, upande mmoja hadi mchana, upande wa pili hadi jioni. Kulikung'uta ni nje, na asikung'ute mwenye aleji.

Godoro: kama kuna hela ya kitu kimoja tu, nunua plastiki nzito ya mita, ile inayouzwa kwa kufunika meza, funga godoro zima pande zote pamoja na chini, ziba maungio kwa gundi ya karatasi pana, juu yake tandika shuka mbili ili lisitoe jasho. Mto wa pamba chakavu uondoke. Mablanketi yakirudi sandukuni mwezi wa kumi yawe yamefuliwa na kukauka kabisa, ndani ya mfuko uliofungwa, na yakitoka mwakani yafuliwe tena kabla mtu hajajifunika. Masweta ya mitumba nayo ni hivyohivyo, hata lile ulilolichambua juu kabisa ya rundo.

Fagia kwa kulowesha au piga deki. Ufagio mkavu unarusha vumbi juu na linachukua muda kutua, mtoto ameshalivuta. Dirisha la chumba lifunguliwe saa nne hadi saa tisa hata kama kuna baridi, unyevu wa usiku utoke.

Kuku watoke ndani, na nawaambia wenzangu wa Njombe na Makete: simbilisi pia. Mkojo na magamba ya ngozi ya simbilisi ni kichochezi cha aleji kinachojulikana, sasa jiko lenye simbilisi thelathini sakafuni na moshi wa kuni juu lina habari mbili mbaya kwa pamoja. Mende nao wamo. Mabaki yao yanachochea pumu kuliko watu wanavyodhani.

La mwisho, si aleji lakini silipiti: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto. Moshi na majivu vinakera njia ya hewa, lakini mkaa uliokwisha kuwaka vizuri bila moshi ndio unaoua, kwa sababu gesi yake haina harufu wala rangi. Watu wanalala hawaamki.

kijana_wa_mafinga

Mbona mmeisahau mipaina? Huku Sao Hill likianza lile vumbi la njano kila kitu kinakuwa njano, mpaka maji ya kwenye ndoo. Mimi najua aleji yote ya Mafinga ni hiyo.

bwana_afya_njombe

Linaonekana, ndiyo maana linasingiziwa. Hilo vumbi la njano ni chavua ya mpaina. Ni kubwa na nzito, ina utando kama nta, na ni nadra kuleta aleji. Inayosumbua kweli ni chavua ya nyasi, na hiyo huioni. Ni nyepesi, inasafiri mbali na upepo, na nyasi nyingi huku zinatoa maua mvua zinapoelekea kuisha, Machi hadi Mei. Mtu anayeumwa miezi hiyo na kupata nafuu baridi ikikolea, yeye afikirie nyasi. Anayeumwa Juni na Julai wakati wa kupukuchua na kupeta, ni vumbi la mahindi na kuvu wake: kitambaa puani na mdomoni, akae upande upepo unakotokea, na nguo za kazini zisifike kitandani. Vipindi viwili, vichochezi viwili. Weka daftari la tarehe, daktari atakushukuru.

Kwa wavunaji wa pareto: wekundu na kuwasha kwa mikono, shingo na kope mara nyingi ni aleji ya ua lenyewe. Mikono mirefu, usijifute uso, naweni kwa sabuni kabla ya kula, na maua yasikaushwe kwenye chumba cha kulala.

sista_mufindi

Naona kikohozi cha usiku kimepitwa haraka. Mama, pua na mapafu ni njia moja. Watoto wengi wenye pumu wana aleji ya pua pia, na pua isipotibiwa pumu inakuwa ngumu kutulia. Kikohozi kikavu kinachomwamsha usiku au kinachokuja akikimbia, kifua kikilia kama filimbi, mpeleke apimwe pumu hata kama mchana ni mzima kabisa. Mtoto kuonekana mzima siku ya kliniki si kipimo. Mweleze daktari ya usiku, na ukiweza mrekodi kwa simu.

Akiandikiwa pampu ya salbutamoli, mtoto wa miaka 7 hawezi kuivuta moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi itagonga kooni. Anahitaji chemba, chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Ya dukani ni ghali na mara nyingi haipo, lakini ya chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi vizuri, imepimwa na watafiti wa Afrika Kusini miaka ya 1990. Osha chupa, ikauke. Chora mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa, pasha waya moto, ufuate mchoro ili tundu libane pampu bila mwanya. Mwanya ukiwepo zungushia plasta. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa. Puliza dawa mara kadhaa ndani ya chupa mpya kabla ya kutumia, maana plastiki mpya ina chaji ya umeme inayonasa dawa ukutani. Tikisa pampu, bonyeza mara *moja*, avute na kutoa pumzi tano au sita za kawaida, ndipo ubonyeze tena. Ukibonyeza tatu kwa mkupuo matone yanagongana na kuanguka. Kuosha ni kwa maji ya sabuni, iache ichuruzike yenyewe; ukiifuta kwa kitambaa umeirudishia chaji.

Akibanwa: mkalishe, mibonyezo 4 hadi 6 kwa mtindo huo. Hakuna nafuu ndani ya dakika 20, rudia mkiwa njiani kwenda hospitali. Asiyeweza kumaliza sentensi, anayevuta mbavu ndani, au midomo imebadilika rangi, msisubiri hizo 20. Vidonge vya salbutamoli vinachelewa na vinatetemesha mikono, havichukui nafasi ya pampu.

mzazi_makambako

Naingilia kidogo. Wangu si pua, ni chakula. Uji wa unga wa lishe ulimtoa vipele vya kuwasha mwili mzima na mdomo kuvimba. Umechanganywa vitu saba, nitajuaje ni kipi?

afisa_lishe_iringa

Kamwene. Acha huo unga wote kwa sasa. Orodhesha vyote saba. Vinavyoshukiwa kwanza ni karanga, soya, ngano, ufuta, dagaa na maziwa. Mahindi, mtama na ulezi vinakuja mwisho. Aleji ya kweli ya chakula hutokea ndani ya dakika chache hadi saa mbili, na hujirudia kila anapokila. Tumbo kujaa gesi na kuharisha baada ya maziwa bila vipele wala uvimbe, hilo mara nyingi ni mwili kushindwa kusaga sukari ya maziwa. Linasumbua lakini haliui.

Kwa vile mdomo ulivimba, usimjaribishie nyumbani kimoja kimoja. Kujaribisha kufanyike penye daktari na adrenalini, sindano ya kuokoa mwenye aleji kali. Wakati mnasubiri, mpe uji wa nafaka moja, na usagishe nyumbani kwa kinu au uwe wa kwanza mashineni baada ya kusafishwa. Mashine iliyotoka kusaga karanga za jirani inaachia unga wake kwenye mahindi yako.

Nyongeza kwa wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe: mtu anayewashwa na glovu za mpira au maputo anaweza kuwashwa mdomo akila parachichi au ndizi, kwa sababu protini zao zinafanana. Si sumu ya dawa ya shambani kama inavyosemwa.

sista_mufindi

Na huyo wa Makambako asome hapa vizuri. Vipele peke yake ni setrizini na kumwangalia. Vipele *pamoja na* sauti kukauka, kukohoa au kupumua kwa shida, kutapika mfululizo, au kulegea na kuzimia, hiyo ni aleji kali ya mwili mzima na dawa yake ni adrenalini. Piritoni haiokoi hapo, wala maziwa, wala mkaa wa kutafuna. Ni hivyohivyo kwa nyuki na kwa sindano ya penisilini. Mwiba wa nyuki utoe mara moja kwa njia yoyote; kasi ina maana kuliko kubana au kukwangua.

Mlaze chali, miguu juu. Kama anashindwa kupumua akae, lakini asisimamishwe wala kutembezwa kwenda kwenye gari. Kwa wenzangu wa zahanati: adrenalini ya 1 kwa 1,000 kwenye msuli wa paja, upande wa nje katikati. Mkubwa na mtoto wa zaidi ya miaka 12 mililita 0.5, miaka 6 hadi 12 mililita 0.3, chini ya hapo 0.15. Rudia baada ya dakika 5 kama hajabadilika. Akipata nafuu asiruhusiwe papo hapo, maana dalili zinaweza kurudi saa chache baadaye.

Aliyewahi kudhurika na dawa aandikiwe *jina* la dawa kwenye kadi. "Ana aleji ya sindano" haimsaidii mtu. Na vidonda vya mdomo, macho mekundu na ngozi kuchubuka siku kadhaa baada ya kuanza Septrini au dawa nyingine yenye salfa: acha dawa, hospitali siku hiyohiyo.

mama_uyole

Ndaga fijo wote. Maji nimeshabandika. Swali la mwisho kwa mfamasia: maji ya chumvi ya kusafishia pua nampimia vipi? Na setrizini niliyouziwa imeandikwa 5mg/5ml, ina maana kijiko kimoja?

mfamasia_mwanjelwa

Ndiyo, kila mililita 5 ina miligramu 5. Ila pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kile kikombe cha dawa. Vijiko vya chai vya nyumbani vinatofautiana sana.

Maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye maji ya mililita 250 yaliyochemshwa na kupoa mpaka vuguvugu. Yasiwe ya bomba moja kwa moja, kuna vijidudu ambavyo tumboni havina neno lakini puani ni hatari. Kwa Mbeya dakika moja ya kutokota inatosha, walio juu ya mita 2,000 wachemshe dakika 3. Ainame juu ya beseni, apumue kwa mdomo, mmiminie taratibu tundu moja kwa bomba la mililita 20, yatoke la pili. Yakimchoma, chumvi imezidi au imepungua, pima upya. Dawa ya kupuliza ifuate robo saa baadaye, ukiitanguliza utakuwa umeiosha yote.

Na kama mtapangiwa kipimo cha aleji cha kuchoma ngozi, setrizini isitishwe wiki moja kabla, vinginevyo majibu yatatoka safi wakati si kweli.